Gari jipya, giaboksi kimeo: nidai, niuze au niendelee kulirudisha gereji?

Bint Pongwe (Fort Worth, Texas)

Wapendwa, naomba ushauri kabla sijafanya jambo nikaja kujuta. Miezi 14 iliyopita nilinunua gari jipya la dukani, dashibodi ikisoma maili 11. Bei dola 34,500, kwa mkopo. Kampuni siitaji, maana nawajua humu, mtaacha hoja muanze ushabiki wa Simba na Yanga.

Tatizo ni giaboksi. Likiwa la baridi halina neno. Likishapata moto, hasa kwenye foleni, linatetema na kusitasita kama daladala inayopandishwa mlima na dereva mwanafunzi. Nikadhani nitazoea. Mwezi uliopita natoka zamu ya usiku, niko barabara kuu ya I-35 kwenye maili 65 kwa saa, nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halivuti. Nyuma yangu lori. Nilifika pembeni kwa ule mwendo uliobaki tu. Nikazima, nikakaa, nikawasha, likaondoka kana kwamba si lenyewe.

Nimelipeleka kwa wakala mara 4, na kila mara wimbo ni ule ule: "tumesasisha programu". Gari sasa lina maili 16,300. Mume wangu anasema tuendelee kulirudisha mpaka watakapochoka wao. Shemeji anasema tumtafute wakili. Duka lenyewe limeniambia watalichukua kwa dola 21,000 na kunipa jipya, na deni lililobaki benki (29,500) likunjwe ndani ya mkopo mpya. Halafu kuna mfanyakazi mwenzangu kaniambia kuhusu hii sheria yao ya "limau", yaani ya anayeuziwa gari jipya likawa kimeo. Nani kaipitia?

Dalali wa Ilala (Dar es Salaam)

Dada chukua hiyo 21,000 uondoke. Gari ni chuma, halina undugu. Mimi nipo kwenye biashara hii mwaka wa kumi na tatu, kimeo hakigeuki kuwa gari. Kila siku unayokaa nalo linashuka bei. Kesi na kiwanda utaiweza?

Msafiri (Sacramento, California)

Dalali, hapo umemwambia atupe dola 8,500. Hizo ndizo anazokunjiwa kwenye deni jipya. Atakuwa analipia magari mawili na anaendesha moja.

Dadangu, pole sana. Mimi niliipitia, ila ni California, sheria zetu ni tofauti kidogo. Kila jimbo hapa lina yake. Connecticut ndiyo ilianza na sheria yenye jina hilo la limau mwaka 1982, majimbo mengine yakafuata. Kwetu kampuni ilinirudishia bei, kodi ya mauzo na ada za usajili, ikakata pesa ya matumizi. Hiyo ya matumizi ndiyo kila mtu huogopa bure. Hesabu yetu: maili zilizokuwa kwenye gari siku ulipolipeleka kwa tatizo hilo mara ya kwanza, gawanya kwa 120,000, zidisha kwa bei. Basi. Ulilipeleka mara ya kwanza likiwa na maili ngapi?

Bint Pongwe

2,900.

Msafiri

Ungekuwa kwetu ungekatwa kama dola 834. Linganisha na hiyo 8,500 ya duka.

Mama Nia (Houston, Texas)

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Msafiri, usimpe dada hesabu za California akazilalia. Texas tuna zetu na nilizipitia mwaka juzi, kwa gari la marehemu kaka.

Huku unapeleka malalamiko idara ya magari ya jimbo, TxDMV, ada dola 35, na huhitaji wakili. Kuna vipimo vitatu, unatosha kupita kimoja. Cha kwanza: umelipeleka kwa wakala mara 4 kwa tatizo lile lile ndani ya miezi 24 au maili 24,000 za mwanzo, kitakachotangulia, na bado halijapona. Cha pili ni cha hatari: tatizo linaloweza kuua, hapo zinatosha mara 2. Cha tatu: gari limelala gereji jumla ya siku 30, lakini siku walizokupa gari la kuazima linalofanana na lako hazihesabiwi, na wengi huanguka hapo.

Kabla ya hayo lazima umwandikie mtengenezaji mwenyewe, yaani kiwanda, umpe nafasi ya kulitengeneza. Barua kwa wakala haitoshi. Tuma kwa posta ya kusainiwa, utunze risiti.

Sasa makato. Texas wanachukua maili zote mpaka siku ya malalamiko ya kwanza, halafu nusu ya zile za baada ya hapo. Kwako: 2,900, jumlisha nusu ya 13,400, ambayo ni 6,700. Jumla 9,600. Gawanya kwa 120,000, unapata asilimia 8. Ya 34,500 ni dola 2,760. Ndicho utakachoacha mezani wakiamua lirudi kiwandani. Wanaweza pia kuamuru upewe jingine, au litengenezwe tu.

Na muda una mwisho. Ile miezi 24 au maili 24,000 ikishapita unabaki na miezi 6 ya kufungua. Waranti ikiisha mapema zaidi, saa inaanza kuhesabu hapo. Kwa mwendo wako wa zamu za usiku, maili zitakutangulia kabla ya miezi.

Fundi wa Grogan (Nairobi)

Nyinyi mnaongea mambo ya peponi. Huku ukitoka na gari kwenye yadi, ukivuka geti umevuka.

Lakini acha niulize swali la fundi. Hiyo giaboksi, mafuta yake yalishabadilishwa? Hata moja kati ya hizo mara 4, waliwahi kuifungua? Kusasisha programu ni kumbembeleza mgonjwa. Na kuna kitu wateja hawaambiwi: kiwanda kikijua ugonjwa fulani, huwa kinatuma waraka wa ufundi kwa mawakala wake, "gari aina hii likilalamika hivi, fanyeni hivi". Huo si mwito wa kurudisha magari. Mwito ni wa usalama, unatangazwa na matengenezo ni bure hata waranti ikiwa imekufa. Waraka ni siri ya jikoni, na waranti ikiisha unalipa mwenyewe.

Mama Nia

Fundi si siri tena, huku inapatikana. NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama wa barabara, wanaweka nyaraka hizo kwenye tovuti yao. Dada ingiza VIN, yaani namba ya chesi ya gari lako, uone kama kuna mwito, kisha tafuta nyaraka za modeli yako na mwaka wake. Na uache malalamiko yako pale pale. Hawatakulipa senti, lakini uchunguzi wao huanza kwa malalamiko kama hayo yakirundikana.

Bint Pongwe

Nimeingiza VIN. Mwito mmoja, wa kamera ya nyuma. Giaboksi hakuna. Ila kuna waraka, Fundi umesema kweli! Umeelezea gari langu kama aliyeuandika alikuwa kiti cha abiria: "kutetemeka mwendo mdogo likiwa na joto". Malalamiko ya wenye magari nimesoma mpaka nikafunga, wawili wameandika kupoteza nguvu barabara kuu.

Mzee wa Malindi (Leicester, Uingereza)

Wanangu, nami niongeze la huku kwa kulinganisha. Sheria yetu ya Haki za Mlaji ya 2015 haina hadithi ya mara nne. Siku 30 za mwanzo gari likionyesha ubovu, unalirudisha na pesa zako zote unazipata. Zikishapita, muuzaji ana nafasi moja tu ya kulitengeneza. Akishindwa, unalikataa, atakukata ya matumizi. Na ndani ya miezi 6 ubovu unahesabiwa ulikuwapo tangu siku ya mauzo, ni juu ya muuzaji kuthibitisha kinyume. Zaidi ya hapo mzigo wa ushahidi unahamia kwako.

Tofauti nyengine ni nani wa kumshika. Wamarekani wanakupeleka kwa kiwanda, sie tunamshika aliyetuuzia. Mie niliona hii ya kwetu bora, maana duka liko njia ya msikitini, nikipita kila Ijumaa namuuliza.

Gari lililotumika nalo limo, mradi umenunua kwa mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi, hapo ni baina yako na bahati yako.

Fundi wa Grogan

Mzee, Kenya kwenye karatasi tunayo: Kifungu cha 46 cha katiba, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na ile ya zamani ya uuzaji wa bidhaa inayotaka kitu kifae kwa kazi yake. Mahakama ya madai madogo nayo ipo, inatakiwa imalize kesi kwa siku 60. Ila mwisho wake ni shilingi milioni moja. Gari gani la maana siku hizi liko chini ya milioni?

Na shida yetu kubwa haiko kwenye giaboksi, iko kwenye ile miito ya Japani isiyotufikia. Mkumbuke mifuko ya hewa ya Takata, ile kampuni ya Kijapani. Kemikali ya kuupuliza mfuko ni amonia nitrati. Miaka ya joto na unyevu inaiharibu, ajali ikitokea inalipuka kupita kiasi na kile chombo cha chuma kinapasuka vipande vinavyoruka usoni. Kampuni ilifilisika 2017. Marekani peke yake mwito ulihusu vipuliziaji kama milioni 67, na waliharakisha majimbo yenye joto na unyevu kwanza. Sasa nifikirie gari la 2004 lililokaa miaka kumi Mombasa. Nimefungua usukani wa gari la hivyo, mwenyewe hajawahi kusikia hilo jina. Na namba za chesi za Japani si zile herufi 17, ukiziingiza kwenye tovuti ya Wamarekani inakukataa. Unatakiwa uingie tovuti ya kiwanda ya Kijapani. Nani ana muda?

Dalali wa Ilala

Mimi wateja wangu wakiuliza naangalia. Wasipouliza siwatishi.

Msafiri

Dalali 😂 angalau wewe ni mkweli.

Turudi kwa dada. Kuhusu wakili: usidharau kabisa. Kuna sheria ya shirikisho ya waranti ya 1975, Magnuson-Moss. Chini yake ukishinda, mahakama inaweza kuamuru kampuni ilipe wakili wako, ndiyo maana mawakili wengi huku hawakutozi pesa mbele. Lakini ni njia ndefu. Kama una karatasi 4 za gereji, mimi ningeanza na hiyo ya dola 35.

Mama Nia

Dada, karatasi unazo ngapi? Nauliza mkononi, siyo kichwani.

Bint Pongwe

Sasa ndiyo mmenishika. Nimemwaga droo yote. Nina tatu. Maili 2,900, maili 9,100, maili 14,800. Ile ya pili, kwenye maili 5,600, kijana wa mapokezi alipanda nalo akazunguka mtaa, akarudi akasema "gari lako zuri tu mama", akanirudishia ufunguo. Hakuandika kitu. Nami nilikuwa nimechoka, nikashukuru nikaondoka.

Na hii ya 9,100 imeandikwa "tatizo halikuonekana". Hiyo inahesabika?

Mama Nia

Inahesabika kwamba ulilipeleka na ulilalamika. Tarehe ipo, maili zipo, maneno yako yapo. Ile isiyoandikwa ndiyo yenye kazi. Mimi kwenye kusikilizwa niliulizwa karatasi baada ya karatasi, na mtu wa kampuni alikuwa na zake, akizilinganisha mstari kwa mstari. Alipofika kwenye ziara isiyo na karatasi aliruka tu, kana kwamba haikuwapo.

Una njia mbili. Ya I-35 ukaijenge kama tatizo la hatari, ambapo mara 2 zinatosha, na hiyo unaweza kubishiwa. Au ulipeleke tena kwa mara ya nne ya karatasi, una maili 7,700 kabla ya kufika 24,000. Fanya zote. Na leo wakikuandikia "giaboksi ina shida" kataa. Waambie waandike kama unavyosema: kwenye barabara kuu lilipoteza nguvu likiwa na lori nyuma.

Fundi wa Grogan

Na nenda na ule waraka umeuchapisha. Muweke fundi mkuu mezani, si mapokezi. Omba apande nalo likiwa la moto, uendeshe nusu saa kwanza. Usiwapelekee gari la baridi asubuhi, ndiyo maana halikuonekana.

Mzee wa Malindi

Na uchukue video, mwanangu. Mtu mwengine ashike simu.

Dalali wa Ilala

Haya, mkilirudisha kiwandani litaenda wapi? Naona mnada, naona meli.

Msafiri

California hati inapigwa muhuri kwamba lilirudishwa kwa sheria hiyo, na stika inabandikwa mlangoni. Usianze.

Bint Pongwe

Nimerudi. Nimeendesha dakika 40 kabla, mume wangu kashika simu. Limetetema mbele ya fundi mkuu mwenyewe, tuko taa za pili tu kutoka dukani. Nimemwonyesha waraka, akauliza nimeupata wapi.

Yule kijana wa mapokezi kaniandikia "mteja anasema gari linasita". Nimesimama pale kaunta mpaka akafuta. Sasa inasomeka: mteja anasema kwenye I-35, maili 65 kwa saa, gari lilipoteza nguvu likiwa na moto, lori likiwa nyuma. Maili 16,342. Barua ya kiwanda naipeleka posta kesho nikitoka kazini. Gari la kuazima nimelikataa, shemeji ananipeleka zamu.