MREJESHO: Mchanga wa hori la Lindi, ni wa mto au wa bahari?

Wakuu, niliuliza kama sura ya punje inaweza kueleza mchanga wa hori la Lindi (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) umeletwa na mto Lukuledi au umesukumwa na bahari. Shukrani kwa walionijibu, hasa aliyesisitiza nioshe punje kwanza. Asidi hidrokloriki iliyozimuliwa ilimaliza matumbawe na makombe kwa povu, ikabaki kwatzi (quartz, madini magumu yasiyoliwa na asidi hiyo), ndiyo tunayoihitaji.

Kwenye hadubini ya elektroni, sampuli zangu za upande wa mtoni zina kingo kali na mivunjiko iliyobonyea kama ndani ya kombe: hazijapigwa sana na mawimbi. Za karibu na bahari kingo zimelika, na uso umejaa vishimo vya umbo la V, alama za punje kugongana ndani ya maji yenye nguvu. Za kwenye mikoko, mchanganyiko tu.

Kilichonisumbua ni punje za mviringo, kama zilizolika baharini, nilizokuta mtoni. Mdau mmoja alishatahadharisha: Lukuledi unapita kati ya nyanda za juu za Makonde na Rondo, penye mawe ya mchanga ya kale. Punje ikibanduka humo inakuja na makovu ya safari ya zamani, kabla hata hori halijakuwepo. Kwa hiyo vishimo vya V peke yake sivihesabu kuwa ushahidi wa bahari. Natazama alama kadhaa kwa pamoja, kwenye punje nyingi.

Mwenye mchanga wa Mikindani au Msimbati, kule pwani ya Mtwara, anijuze, nataka kulinganisha.