Losheni gani inafaa ngozi inayowaka? Nina harusi mwezi ujao

Kisiki cha Mbagala: Wakuu habari za jioni. Ngozi yangu haikuwa na shida, ila wiki hii uso na shingo vinawaka moto. Nikikaa dirishani kwenye daladala mchana, jua likinipiga natamani kulia. Harusi yangu ni tarehe 20 mwezi ujao. Naombeni losheni ya ngozi kavu isiyozidi elfu kumi na tano. Matusi hapana.

Shangazi Ubungo: Hongera bibi harusi. Losheni za nini mwanangu? Ukitoka kuoga usijikaushe sana, changanya glisirini na maji kidogo, paka ngozi ikiwa bado mbichi. Sisi mama alitupaka mafuta ya nazi tukang'aa kama sufuria ya shughuli, tukifika shule vumbi lote la njiani tumelibeba sisi. Kuna siku mwalimu alinifuta kwa daftari langu mwenyewe.

fundi_jokofu: Tusije tukashauri hapa halafu tukaletewa kadi ya mchango.

Dawa ya Moto: Kabla ya kuwaka ulikuwa unapaka nini?

Kisiki cha Mbagala: Losheni ya kawaida tu mkuu.

Dawa ya Moto: Ya kawaida ina jina. Litaje.

Kisiki cha Mbagala: Haina jina. Iko kwenye kopo jeupe, kuna mtu Kariakoo anachanganya mwenyewe. Nina miezi saba nayo. Siyo mkorogo, ni ya kutakatisha. Iliisha wiki iliyopita, ndipo moto ukaanza. Na msianze kunisema, kopo jingine na siramu yake nimeshalipia elfu tisini, na harudishi hela.

Nyundo Butu: Siyo mkorogo, kumbe uji?

Shangazi Ubungo: Mabinti wa siku hizi! Mungu kakupa rangi, wewe unaipeleka Kariakoo ikabadilishwe. Jirani yangu alipaka hivyo hivyo, uso ukawa wa mzungu, vifundo vya vidole vikabaki vya kwao.

Dawa ya Moto: Nimeuza dawa dukani miaka sita. Makopo hayo mara nyingi yana steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama clobetasol, mengine haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Hiyo clobetasol hata daktari akikuandikia, kwa kawaida haizidi wiki 2. Wewe una miezi saba! Ngozi imekonda na imeizoea, ukiikatia ghafla inalipuka. Hakuna losheni ya kufunika hilo. Kopo jipya usilifungue. Nenda hospitali ya Temeke wakuandikie rufaa ya daktari wa ngozi, na kopo la zamani ubebe hata kama ni tupu. Kwa sasa paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, vaa kofia, tembea kivulini.

Kisiki cha Mbagala: Nitaenda harusi ikipita. Nimalizie hili moja tu. Mwenzangu mweupe, tukipiga picha mimi naonekana macho na meno.

Nyundo Butu: Wadau, hii chai. Fungueni uzi wake wa Januari: "Vipele vya ndevu vinanitesa, nitumie wembe gani?" Leo bibi harusi!

fundi_jokofu: Tena chai ya tangawizi.

Shangazi Ubungo: Yaani glisirini yangu yote nimemwagia mhuni.

Kisiki cha Mbagala: Rudini juu mkasome. Wapi nimesema mimi ni dada? Udada mmenipa wenyewe. Mimi ndiye bwana harusi.

fundi_jokofu: Aisee.

Dawa ya Moto: Kaka, ushauri ni ule ule. Ila wembe weka pembeni kwanza. Umenyoa lini?

Kisiki cha Mbagala: Jana. Damu ilitoka kidogo.

Shangazi Ubungo: Na mchumba anajua?

Kisiki cha Mbagala: Anajua nimetakata kwa raha za uchumba.

Shangazi Ubungo: Baba, kesho alfajiri Temeke. Nakuomba.

Kisiki cha Mbagala: Sawa shangazi. Sasa lile kopo jipya nikimuuzia mtu nusu bei?

Dawa ya Moto: Usimuuzie mtu.

Kisiki cha Mbagala: Elfu tisini jamani.