Mjadala: Runinga hutufumbua macho, au hutuchagulia pa kutazama?

Mtoa mada, Lamu

Barazani Mkunguni mzee wangu mmoja amesema runinga haibadili rai ya mtu. Kila mmoja huona alichokwisha kukiamini. Kwa heshima zote, nakataa.

Tarehe 7 Machi 1965, kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, askari wa jimbo la Alabama waliwapiga marungu na kuwarushia mabomu ya machozi Wamarekani weusi walioandamana wakidai haki ya kupiga kura. Usiku uleule kituo cha runinga cha ABC kikakatiza filamu, tena filamu ya kesi za Wanazi, kikaonyesha kipigo kile. Siku nane baadaye Rais Johnson alikuwa mbele ya Bunge akidai sheria ya kulinda haki hiyo ya kura, na Agosti 6 akaitia saini. Weusi wa kusini walikuwa wakipigwa tangu enzi za mababu. Safari hii nchi ilikuwa imekaa sebuleni, inatazama.

Sasa njoo kwetu. Mpeketoni, mji wa hapa Lamu, uliposhambuliwa Juni 2014, kamera zilikuja, na ilikuwa haki zije. Kisha ikaja kafyu. Mvuvi wa usiku akabaki na nyavu zake uani, watoto wanamtazama. Taarifa ya saa moja usiku ilikuwa na wanajeshi, magari na idadi ya maiti. Mvuvi yule hakuwamo, au alipita mara moja tu. Nchi ikatujua kwa neno moja: hatari.

Mchangiaji, Malindi

Dada, sifa unazoipa kamera ni za miguu ya waandamanaji. Bila wao kuvuka, kamera ingepiga picha ya daraja tupu.

Halafu tazama vita vya Marekani kule Vietnam. Watu husema Walter Cronkite, mtangazaji wa runinga ya CBS, aliigeuza Marekani Februari 1968 alipotangaza kwamba vita vimekwama. Lakini kura za maoni za shirika la Gallup za Oktoba 1967 zilionyesha waliosema vita ni kosa wameshawazidi waliovitetea. Rai yao iligeuzwa na majeneza ya wanajeshi wao.

Mtoa mada, Lamu

Kaka, la majeneza nakubali. Ndiyo maana nauliza: ya kwetu mliyaona, njaa yetu mliiona? Malindi na Lamu ni majirani. Wewe ulijua lini kwamba wavuvi wetu walizuiwa bahari ya usiku, na nani alikwambia?