Tupeane uzoefu: Mliowahi kukutana na vikundi vya Wazungu wabaguzi Marekani

Mdigo wa Atlanta (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Wengi huko nyumbani wanaijua Ku Klux Klan kwa yale mashuka meupe tu, wanadhani ni wendawazimu wachache wa porini. Sikubaliani. Ilianzishwa mwishoni mwa 1865 pale Pulaski, Tennessee, na maofisa sita wa jeshi la majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, lililotoka kushindwa vita ya wenyewe kwa wenyewe, watu wenye elimu yao. Haikuchukua muda wakawa wanachoma shule na kuua watu usiku. Waliowindwa hasa ni Weusi walioanza kuinuka: mwalimu, mpiga kura, mwenye kashamba kake, aliyethubutu kugombea uongozi. Mtumwa wa jana kupiga kura sawa na bwana wake, hilo ndilo lililowachoma.

Mwaka 1871 Bunge likatunga sheria ya kuwadhibiti, Rais Grant akapeleka askari South Carolina, wakakamatwa mamia, kundi likasambaratika. Likafufuliwa 1915 juu ya mlima uitwao Stone Mountain, jirani na hapa ninapoishi, na safari hii likawachukia pia Wayahudi, Wakatoliki na wahamiaji. Miaka ya 1920 lilikuwa na wanachama kwa mamilioni, hata Indiana kule Kaskazini. Agosti 1925 waliandamana Washington kwa maelfu, nyuso wazi. Mimi hilo linanitisha kuliko vinyago. Hawakuona wa kumwogopa wala wa kumwonea haya.

Mlio huku, semeni mliyoyaona.

Mama Zawadi
Jambo wandugu. Mimi ni wa Uvira, tulifikia Clarkston, hapo hapo Georgia. Huo mlima tunauona kila siku, wakimbizi wengi tunakwenda kupumzika kule na watoto. Ubavuni wamechonga viongozi watatu wa Kusini wamepanda farasi, wakubwa ajabu. Mwanangu aliniuliza kama ni watu wa Biblia. Nikashindwa kumjibu.

Aliyenieleza ni bibi mmoja Mweusi tunayesali naye. Alisema enzi za utoto wake Klan walikuwa wanakusanyika kule kila mwaka. Wakianza kupita na magari, baba yake anazima taa zote, watoto wanalala chini sakafuni, na hakuna kukohoa mpaka gari la mwisho lipite. Tangu siku ile nikipanda ule mlima ninamfikiria huyo baba. Sisi tulikimbia watu wenye silaha, tukaletwa kukaa karibu na mahali ambapo wengine nao walikuwa wanalala sakafuni kwa sababu ile ile.

Garissa-Kansas
Asante mleta uzi. Mimi ni Msomali wa Garissa, nabeba boksi kiwanda cha nyama Garden City, Kansas. Oktoba 2016 FBI waliwakamata wanaume watatu waliopanga kulipua majengo tunayoishi, ambamo tulikuwa na chumba tulichofanya msikiti. Walipanga wafanye baada tu ya uchaguzi wa Novemba. 2019 walihukumiwa, wa chini miaka 25, wa juu 30.

Nitasema ukweli, wiki zile nilikuwa nikitoka shifti ya usiku nazunguka pakingi nzima nikiangalia kila gari nisilolijua kabla sijaingia ndani kwa watoto. Wale watu hatukuwahi kuwakosea lolote, hata sura zetu hawakuzijua. Kwao ilitosha kwamba tumehamia. Lakini aliyewafichua ni Mzungu wa Kansas kama wao. Alikaa nao miezi akiwarekodi huku akijua wakimgundua wamemmaliza. Mimi kila nikiomba dua namtaja.

Lewiston 2003
Sisi wa Lewiston, Maine, kikundi kingine cha Wazungu wabaguzi, World Church of the Creator, walikuja mchana kweupe. Meya alikuwa ameandika barua kuwaambia Wasomali wapunguze kuhamia, na wale jamaa wakaona mlango umefunguliwa. Januari 2003 wakaitisha mkutano. Walijitokeza kiduchu. Upande wa pili, chuo cha Bates, wakazi kama 4,000 walijaa kuwapinga kwenye baridi ya kukata masikio.

Mwana wa Pangani
Mimi niko Pennsylvania. Asubuhi moja nimekuta kwenye njia ya gari kimfuko cha nailoni, ndani kuna karatasi ya Klan na mchele kidogo wa kukipa uzito kisipeperuke. Mtaa mzima walitupiwa. Mke wangu anataka tuhame. Wakuu, mngefanyaje?

Mdigo wa Atlanta
Pole sana ndugu yangu, na mpe pole shemeji. Usiitupe. Ipige picha hapo hapo ilipo, ita polisi, kisha gonga kwa majirani wote waliopata, Wazungu kwa Weusi, mwende pamoja. Hawa watu wanataka kila mtu aogope peke yake chumbani kwake.

Na kumbukumbu zikae vizuri, zinaweza kufika mahakamani. Mwaka 1981 kule Mobile, Alabama, watu wa Klan walimuua kijana Michael Donald na kumtundika mtini. Mama yake, Beulah Mae Donald, akalishtaki kundi lenyewe, siyo wauaji tu, na 1987 akashinda dola milioni 7. Hawakuwa na hela hizo, ikabidi wamkabidhi jengo la makao yao makuu. Akaliuza, akajinunulia nyumba.

Tuambie polisi watakavyokujibu.