Mashine ya kukatia viraka: wameniuzia na mkeka usio wake, halafu wananiambia mimi ndiye sijui kutumia!

Wanajamvi, naandika hapa nikiwa na hasira, mnivumilie uzi ukiwa mrefu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Moshi, huu ni mwaka wa 14. Miaka 5 ya karibuni nimejikita kwenye mifarishi ya viraka, ile ya vipande vya vitenge ninavyonunua kwa mafundi wenzangu. Mwezi wa 3 nikapata oda ya mifarishi 12 ya nyumba ya wageni Karatu. Waliitaka kabla ya mwezi wa 6. Aliyewahi kulala Karatu mwezi wa 7 anajua kwa nini: baridi.

Piga hesabu na mimi. Kitanda futi 5 kwa 6. Kiraka kikishashonwa kinabaki inchi 6, kwa hiyo 10 kwa upana, 12 kwa urefu, viraka 120 kwa mfarishi mmoja kabla ya pindo la pembeni. Mara 12, ni viraka 1,440. Na kila kimoja kinakatwa inchi 6 na nusu, robo inchi ya mshono kila upande. Kwenye gauni ukizidisha nusu ya robo unaimeza kwenye mshono. Kwenye viraka huimezi popote. Nusu ya robo mara viraka 10, mstari mmoja unaupita mwenzake kwa inchi nzima na zaidi, na mfarishi unakuwa na matumbo.

Ndiyo maana nikakopa kwenye kikoba nikanunua mashine ya kukatia, pamoja na vibao 3 vya visu. Jumla ilinitoka 1,100,000. Duka silitaji jina, wenyewe wanajijua.

Kwa asiyeijua: haitumii umeme. Ni rola mbili, moja juu ya nyingine, na mpini wa kuzungusha. Kibao chake kimezamishwa visu vya chuma vilivyokunjwa kwa umbo, mraba au pembetatu, na vimefunikwa kwa sponji ngumu ili visikukate mkono. Unatandaza kitambaa juu ya kibao, juu yake unalaza mkeka mgumu wa plastiki, unazungusha vyote vipite katikati ya rola. Sponji inabonyea, kisu kinachomoza, kitambaa kinakatika. Sasa shikeni hili: nafasi kati ya rola na rola haibadiliki. Mashine hii haina skrubu ya kukaza. Mgandamizo wote unatokana na unene wa kibao, kitambaa na mkeka vikiwa pamoja. Kimoja kikiwa chembamba kuliko inavyotakiwa, kisu hakipenyi kitambaa chote.

Siku ya kwanza nikaweka tabaka 6 za kitenge kama kaka wa dukani alivyonielekeza. Ikakata tabaka 2 za chini, za juu zikabaki zimechanika hapa, zimeshikana pale. Nikasema labda nimezidisha. Nikaweka 4. Nikaweka 2. Nikaweka MOJA. Ndugu zangu, tabaka moja ya kitenge na bado nyuzi zinabaki, natoa kiraka kwa kukivuta kama navunja kuni. Ukivuta, kiraka kinapinda. Sasa mashine ya nini?

Nikampigia yule kaka wa dukani. Jibu la kwanza: "Mama, kitenge chako ni kizito." Nikajaribu kanga. Nikajaribu shuka kuukuu lililolainika kwa kufuliwa. Hali ileile. Jibu la pili: "Visu vina nyuzi, safisha." Nikakaa saa nzima na pini nachokonoa nyuzi kwenye sponji, kibao kimoja baada ya kingine. Hali ileile. Jibu la tatu ndilo lililonichoma: "Wateja wengine hawalalamiki, wewe hujazoea tu." Mimi! Nilianza kukata nguo kwa mkasi huyu kijana akiwa shule ya msingi.

Basi nikaamua kuitafuta shida mwenyewe, na ninaandika hatua zote ili mwingine asipoteze wiki 3 kama mimi.

Kisu kikiwa na pengo, nyuzi zinabaki mahali palepale kila ukikata, na ukikigeuza kibao kichwa miguu, kosa linageuka nacho. Nikageuza. Kosa halikufuata kibao, lilikuwa limeenea kote. Na vibao vyote 3 vilikuwa hivyohivyo, haiwezekani visu vyote vife siku moja vikiwa vipya. Kwa hiyo si visu.

Nikajaribu kukiingiza kibao kwa mshazari kidogo, kwa sababu kisu kikilala sambamba na rola kinapigwa urefu wote kwa mpigo mmoja na mpini unakuwa mzito. Mpini ukawa mwepesi kweli, lakini kukata hakukubadilika.

Hapa kuna kosa moja lilikuwa langu na ninalikiri. Nilikuwa nalaza kitambaa upande wowote. Kitambaa huvutika zaidi kwa mshindio, nyuzi za upana, kuliko kwa mtande, na rola inakivuta kinapopita. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, zielekee upande kibao kinakosafiri. Nilipofanya hivyo viraka vilitoka mraba sawasawa, vile vichache vilivyokubali kukatika. Hilo nalo muuzaji alipaswa kuniambia, nilimuuliza akasema "popote tu".

Mwisho nikachukua karatasi ya manila, lile jalada la faili, nikaikata saizi ya kibao nikaiweka chini yake. Tofauti ikaonekana papo hapo. Nikaongeza ya pili, ya tatu. Zilipofika 4, tabaka 4 za kitenge zilikatika safi kabisa, hakuna hata uzi. Nilikaa chini nikalia, sitanii. Mashine nzima! Visu vizima! Mkeka ndio mwembamba!

Nikaupeleka kwa fundi wa mashine jirani yangu, akaupima kwa kipimo chake cha chuma: milimita 3. Nina ndugu yangu Marekani anashona mifarishi na ana mashine hiihii. Nikamwomba apime mkeka wake uliokuja kwenye boksi. Milimita 4. Akanitumia na picha, una maandishi ya mtengenezaji pembeni. Wa kwangu hauna alama yoyote.

Nikamtumia yule kaka picha zote mbili. Kimya siku 2. Kisha akanijibu kwa sauti, na sauti ninayo: "Ile ya mashine yenyewe iliharibika njiani, tukakuwekea nyingine, ila zinafanana."

ZINAFANANA! Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua mkeka si wake, akaniacha nichokonoe visu kwa pini na kujiona mjinga mbele ya wanangu. Angesema tu, ningeelewa, vitu huvunjika safarini. Nisichokubali ni kudanganywa kisha kulaumiwa mimi.

Oda nilitoa mifarishi 7 kati ya 12, mitano niliyobakiza akapewa mtu mwingine. Viraka vingi vya hiyo 7 tulikata kwa mkasi usiku, mimi na binti yangu, hadi kidole gumba changu kikavimba. Marejesho ya kikoba hayasubiri.

Msiniambie niendelee na manila. Manila inalegea haraka, kila siku nabadilisha. Na ukizidisha unene rola inabeba mzigo usio wake, mbavu za mashine zitapasuka na hapo ndipo atakapopata la kusema. Mkeka wenyewe nao umeshachimbika, japo kila nikipitisha naugeuza juu chini na kichwa miguu ili usiliwe sehemu moja.

Ninachotaka ni mkeka wa mashine ile, ulioandikwa, au arudishe pesa achukue mashine yake. Ananiambia risiti imeandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi". Kaka, hukuniuzia mali uliyosema unaniuzia! Risiti ya EFD ninayo, picha ninazo, sauti ninayo. Nimempa hadi Ijumaa, baada ya hapo ninaandika barua Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003.

Mnaotaka kununua mashine hizi: nendeni na kitambaa chenu, tabaka 4, kikatwe mbele ya macho yenu kwa mkeka uleule mtakaofungiwa kwenye boksi. Akikataa, ondokeni dukani.

NYONGEZA, Jumatano jioni: Amepiga. Anasema mkeka utakuja na kontena lijalo, nikamuuliza lini, akasema "hivi karibuni". Nimemwambia Ijumaa iko palepale. Mwenye mkeka wa milimita 4 wa mashine ya rola, Moshi au Arusha, hata uliotumika upande mmoja, naomba aandike hapa, naununua kesho asubuhi.