MJADALA: Unatoka Dar na hela ya nyumba moja tu, unanunua Mwanza, Musoma au Bukoba?

Mleta mada

Mwangaluka wakuu. Nina miaka 51, Dar nimekaa 26, mke wangu ni nesi anastaafu mwakani, watoto wakubwa washaanza maisha yao na wa mwisho yuko kidato cha pili. Kibanda chetu cha Kimara kimepata mteja, tukimalizana na mkopo tunabaki na kama milioni 85. Asili yangu ni Magu ila nilitoka mdogo sana, Kisukuma chenyewe naongea cha kuombea maji. Kurudi ziwani hatuna ubishi nako. Ubishi ni mji gani.

Mi nasema Musoma. Ndugu zangu wote wanasema Mwanza na wananiona kama nimerogwa, lakini nisikilizeni kwanza. Sensa ya 2022 Nyamagana na Ilemela ukizijumlisha zinapita watu milioni moja, huo si mji wa kati tena, hiyo ni Dar inayokua. Kiwanja cha tambarare karibu na katikati hupati, labda uwe na hela ya Capri Point, kwa hiyo utasogezwa Kisesa, Usagara, Kishiri huko, halafu kila jioni foleni inakuhusu. Sasa nimekimbia nini Kimara? Musoma haifiki hata watu laki mbili, mji umekaa kwenye rasi, maji kulia maji kushoto, boda unaivuka yote kabla wimbo haujaisha, samaki unamnunua bado anaruka. Bukoba sijaifikiria sana, mvua nyingi mno kule.

Nipingeni kwa hoja, matusi sitaki.

Ngosha wa Buhongwa

Mwangaluka ngosha. Umepotea vibaya ila tutakurudisha.

Mkeo anastaafu, magonjwa hayastaafu. Hospitali ya rufaa ya kanda nzima hii ni Bugando, iko Mwanza, na ukipata kitu kikubwa popote pale, uwe Musoma, Bukoba, Geita, mwisho wa yote utaletwa Bugando tu. Sasa wewe una miaka 51, unakwenda kuelekea huko sio kutoka huko, kwa nini ununue nyumba kilomita mia mbili na ushee kutoka mlangoni? Fikiria usiku wa manane uko kwenye ambulensi, Bunda hujaifika, mtu wako anahema kwa shida.

La pili nyumba sio ya kulala tu, nyumba ni mtaji. Mi hapa Buhongwa nina vyumba vitatu vya uani na havijawahi kulala wazi mwezi mzima. Ndugu yangu yuko Malimbe jirani na chuo anapangisha wanafunzi. Halafu daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, mnajua maana yake? Zamani kwenda Sengerema ilikuwa unapanga foleni ya kivuko na hujui utavuka saa ngapi, Januari ya mwaka huohuo lilikuja lile gugu maji jipya la salvinia vivuko vikawa vinahangaika kabisa kupita. Leo mtu anapeleka mzigo Sengerema asubuhi na anakula mchana nyumbani kwake Usagara. Huko Usagara unakokusema kama jalala ndo mlango wa kwenda Geita na Kagera sasa hivi. Stendi mpya ya Nyegezi iko njia hiyohiyo. Mji unakufuata, huhitaji kuufuata.

Mpanda Ngazi

Naongea kutoka Bugarika, juu kabisa, kwenye mawe. Watu wakija na simu zao wanapiga picha ziwa wanasema aisee mnaishi vizuri. Ndio, jioni jua likizama hata mimi nasahau shida. Ila mkuu usije ukadanganywa na dalali akakuuzia mlimani eti bei nafuu. Mfuko wa simenti ukishushwa barabarani chini safari ndo inaanza, unamlipa kijana wa kupandisha mfuko mmoja mmoja kichwani, mchanga hivyohivyo, nondo hivyohivyo, mpaka nyumba inafika lenta unakuta wapandishaji wamekula hela ambayo ingepiga bati. Msingi unapasua mwamba, unawasha moto siku nzima jiwe lipate joto kisha mnagonga nyundo. Na choo? Shimo unachimba wapi wakati chini ni jiwe? Baadhi yetu tumepona baada ya mamlaka ya maji kuleta mabomba ya majitaka ya milimani, yanashuka na mteremko kwenda kukutana na bomba kubwa chini, lakini sio kila mlima una bahati hiyo. Maji safi nayo chanzo kipya cha Butimba cha lita milioni 48 kwa siku kimesaidia sana huko Buhongwa na pembeni, huku juu bado ndoo naijua jina.

Mama yangu ana miaka 70, kutoka nyumbani hadi lami ni ngazi za mawe. Mara ya mwisho kushuka ilikuwa msiba.

Waitu Kashai

Mleta mada umeipita Bukoba kwa sentensi moja, hiyo sikusamehe waitu. Mvua ndo sababu ndizi zipo, ndizi ndo sababu huli unga kila siku, Novemba senene wanakufuata mlangoni wenyewe. Mji mdogo, msafi, jioni unatembea Customs mpaka Nyamukazi unasalimiana na watu wanaojua baba yako ni nani. Kutoka Mwanza unapanda meli usiku unalala, unaamka umefika.

Ila mi sio dalali, nasema na mabaya. Tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa nyumbani, Jumamosi mchana, likapiga tetemeko la ukubwa wa 5.9, nyumba ya wazazi Hamugembe ukuta wa nyuma ukalala chini wote na jirani zetu walizika. Tokea hapo mtu akinunua nyumba Bukoba namwambia usiangalie rangi, angalia kama ina nguzo na lenta inayozunguka nyumba nzima, na nyumba ya tofali za kuchoma bila nondo muachie mwenyewe. Uwanja wa ndege nao uko puani mwa ziwa, ile ajali ya ndege ya Novemba 2022 watu 19 walikufa karibu kabisa na nchi kavu. Ukija panda meli au basi.

Na jambo moja la ardhi, mjini nunua, vijijini kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, fikiria mara mbili. Kibanja cha ukoo kina makaburi ya mababu, unaweza kununua kwa mtu leo, keshokutwa wakatokea wajomba saba ambao huwajui.

Mama Wawili

Waitu Kashai hapo kwenye ukoo umenigusa. Ile kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake akaliuza, mpwa wake akamshtaki eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, iliamuliwa Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990 na Jaji Mwalusanya na yule mama alishinda. Kwa hiyo msitishe watu, sheria ipo. Wajomba saba ni kweli wapo pia, nakubali.

Sasa mleta mada. Mimi naishi Musoma, Bweri, mwaka wa sita huu, nilirudi kutoka Mwanza kwa hiyo najua pande zote mbili. Uliyosema kuhusu utulivu ni kweli. Hospitali ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, jengo ambalo watoto wa Musoma tulikua tukiliona gofu miaka na miaka, sasa linatibu watu, sio kila kitu ni Bugando kama Ngosha anavyotisha. Lakini utulivu una bei. Nina duka la nguo, siku za wiki naweza kukaa mpaka saa sita sijauza hata kitenge. Nikitaka kuuza nyumba yangu leo mteja nitamsubiri sana, wewe Kimara umempata mteja haraka ukadhani ni kila mahali. Ukiingia Musoma na milioni 85 jua umeingia, kutoka sio rahisi hivyo.

Halafu nimesoma post yako mara mbili. Umesema mkeo ni nesi na anastaafu. Anataka mji gani? Hujasema.

Mtoto wa Igombe

Mi nitasema ambalo hamlitaki. Nyie mnaotoka Dar na hela ya Kimara ndo mnaharibu soko. Huku kwetu Mwanza, Igombe na Kayenze, baba anauza eneo kwa mtu wa Dar ambaye hapandi hata mchicha, anazungusha ukuta anaondoka, miaka minne geti halijafunguliwa. Sisi vijana tuliozaliwa hapa tunaenda kupanga Kisesa. Kila mtu akija anasema "bei ni nafuu sana", nafuu kwako wewe! Kwa mvuvi anayelipwa kwa mgao wa samaki hiyo ni hela ya maisha mawili.

Mleta mada

Mtoto wa Igombe, hoja yako nimeipokea na imeniuma kidogo maana baba yangu naye aliuza Magu. Lakini mimi nakuja kuishi, sio kuzungusha ukuta.

Mtoto wa Igombe

Wote husema hivyo mzee wangu.

Msee wa Kisumu

Sasa wandugu, mimi ni Mkenya, Musoma iko karibu na mpaka wa Sirari na mashamba ni bei poa kuliko huku kwetu Kisumu. Naeza nunua ploti Musoma niweke nyumba ya uzeeni?

Bikoni Tatu

Msee hapana. Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia wa Tanzania hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji, na anapitia mamlaka ya uwekezaji. Uwe wa Kisumu au wa Tokyo ni sawa tu. Usije ukaandikishana na mtu kwa jina lake, utalia.

Mleta mada mimi kazi yangu ni kushika fimbo ya mpima, nimezunguka na wapima Mwanza na Mara kwa hiyo mji uchague mwenyewe, nakwambia vya chini ya mji. Ukiambiwa kiwanja cha ziwani, iwe Luchelele ya Mwanza au Makoko ya Musoma, uliza maji yako umbali gani, na usiulize dalali, nenda na futi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji pasijengwe. Watu wanasema mbona fulani kajenga. Sawa, kajenga, 2020 ziwa likapanda mpaka likavunja rekodi ya mwaka 1964, na watu waliokuwa wanafua uani wakawa wanavua uani. Mistari ya maji bado ipo kwenye kuta za watu, kaitazame. Ndani ya jiji la Mwanza kaa mbali na Mto Mirongo, ni mfereji siku zote mpaka siku unayokumbuka kuwa ni mto.

Karatasi sasa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili sio hati. Leseni ya makazi ni bora kuliko barua lakini nayo sio hati. Chukua namba ya kiwanja nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi kabla hujatoa hata mia. Mimi mwenyewe ninayeandika haya, fundi wa bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, mwaka fulani nilinunua kiwanja Nyakato kwa kumwamini mtu tuliyesali naye, kumbe kilishauzwa mara mbili na mimi ni wa tatu. Nilipoenda kusafisha nikakuta wenzangu wawili wanabishana tayari, nikakaa chini ya mwembe nikawasikiliza, nilikuwa sina hata nguvu ya kujitambulisha.

Ngosha wa Buhongwa

😂😂 pole mwanawane

Mleta mada

Wakuu nimerudi. Mama Wawili swali lako nilikuwa nalikwepa, jana usiku nikampa mke wangu simu asome uzi wote.

Alisoma kimya mpaka kwa Mpanda Ngazi, hapo akasema mlimani asisikie, magoti yake ameyamalizia wodini. Bukoba akacheka, anaogopa tetemeko. Halafu akaniuliza, hivi nani amekubali kuuza Kimara? Nikamwambia si tuliongea. Akasema uliongea. Na wakuu ni kweli, nyumba ya ndoa bila saini yake haiuziki, mteja wenyewe ameshaniuliza mara mbili kuhusu hiyo saini na mimi nilikuwa namjibu kwamba mama yuko shifti.

Msimamo wake ni kwamba Musoma haijui, Mwanza haijui, na hata mimi siijui Musoma, nimeijua kwa likizo mbili na msiba mmoja. Anataka tupange kwanza, Machi mpaka Mei mvua ikiwa kali tukae Bweri au Makoko, baada ya hapo miezi mitatu Buhongwa, ndo tuongee kununua. Kodi itatoka wapi? Kimara itapata mpangaji. Nimejaribu kubisha nikaona sina pa kushika.

Bado mi ni wa Musoma lakini. Mama Wawili kama unajua nyumba ya vyumba viwili huko Bweri, isiwe na ngazi, nitafute.

Mama Wawili

Ipo moja nyuma ya dukani kwangu. Ila nitaongea na mkeo, sio wewe.

Mpanda Ngazi

Samahani mleta mada, hiyo ya Kimara ni Kimara ya wapi na mnapangisha bei gani? Mdogo wangu amepata kazi Dar.