Ndago zimenishinda, na harusi imebakisha wiki 7

MaalimMstaafu, Bububu

Assalaam alaykum. Naomba msaada kwa wenye bustani.

Mbele ya nyumba yangu nina uwanja wa ukoka, mita 12 kwa 9. Nimeupanda kwa mkono wangu mwaka niliostaafu. Mwaka jana ndago zikaingia, na nina hakika zilikuja na lori la udongo nililoagiza kufukia shimo karibu na geti, maana ndipo zilipoanzia. Nikaenda dukani, nikapimiwa dawa ya magugu kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina. Muuzaji akaniambia, "Maalim, hii inaua kila kitu." Hakunidanganya. Ukoka wote uliungua. Baada ya wiki 3 ndago zikarudi zimenona, utasema nilizitilia samadi.

Ukoka nimeshaupanda tena. Sasa mwezi wa Mfunguo Pili namuoza binti yangu wa mwisho, na wanawake watakaa uwanjani hapo hapo. Mke wangu kila akifungua dirisha hunambia, "Konde lako hilo litavunwa lini?"

Jirani ananishauri dawa ya magugu iitwayo 2,4-D. Mwanangu wa kiume anataka nyengine, glaifoseti. Mie nimeshaumwa na nyoka, jani likitikisika nashtuka. Kisima chetu kiko hatua 15 kutoka hapo, na kuku wa jirani mpaka hawaujui. Nitumie ipi?

KijanaWaChake

Maalim, usipoteze pesa. Mwaga chumvi ya mawe, utie maji, uende zako ukalale.

MamaBustani

Chumvi tuiwekee ng'onda, mwanangu. Itaua ukoka, itakaa ardhini, na hicho kisima cha hatua 15 ndicho kitakachoonja kwanza.

Maalim, wa alaykum salaam. Kabla sijajibu nina maswali mawili. Ile dawa ya chupani, majani yalianza kubadilika baada ya siku ngapi? Na ng'oa ndago moja, lisokote lile bua kati ya vidole viwili, kisha unambie umehisi nini.

MaalimMstaafu, Bububu

Nilipuliza Alkhamisi baada ya alasiri. Ijumaa narudi msikitini nikakuta ncha zimeungua kama zimepitishiwa pasi. Jumamosi uwanja mzima rangi ya khaki.

Bua nimelisokota, halibiringiki. Lina pembe tatu. Nikachimba kwa kisu cha jikoni (mke wangu asijue), nikakuta kokwa nyeusi ndogo, ina uzi unaokwenda kwa kokwa nyengine, na nyengine tena. Nilihesabu 5 kwenye uzi mmoja mpaka nikaitwa futari. Moja nimeipasua, ina harufu kali, si mbaya.

MamaBustani

Basi jawabu umelichimba mwenyewe. Nimefanya kazi ya bustani miaka 11 kwenye hoteli ya pwani ya kaskazini, na ndago ndizo zilizonipa mvi.

Dawa iliyounguza ndani ya siku moja ni ya kuunguza majani tu, haishuki chini. Ilikula ulichokiona ikaziacha kokwa zimelala salama. Ukoka wako, nadhani, ulikuwa bado haujakomaa, haukuwa na akiba ya kuinuka. Glaifoseti haina haraka hiyo, huchukua wiki au zaidi kabla jani halijageuka manjano. Na hiyo chupa, kama bado ipo, iweke mbali na watoto leo hii. Miongoni mwa dawa za kuunguza imo parakwati, ambayo funda moja tu laweza kumuua mtu, na haina dawa ya kuitengua. Ndiyo maana mimi kitu cha kupimiwa chupani sikigusi.

2,4-D ya jirani ni nzuri kwa majani mapana. Ungekuwa unasumbuliwa na kifauongo ningekwambia nenda nayo, ukoka haiudhuru. Lakini pembe tatu ulizozihisi maana yake ndago si jani pana, wala si nyasi hasa. 2,4-D itazikunja kidogo kisha zitajinyoosha. Na upepo ukiichukua, mpapai wa jirani utajikunja wa kwanza, na harusini hatokuja.

Dawa iliyotengenezewa jamii ya ndago ni halosulfuroni. Wakulima wa miwa na mahindi wanaijua. Huziua ndago na kuuacha ukoka, ila ni ya mwendo wa kobe, wiki 2 mpaka 4 ndio uone kitu, na mara nyingi hurudiwa. Usikate majani siku 2 kabla wala siku 2 baada ya kuipuliza, kwa sababu inahitaji jani la kuingilia.

Lakini kwa sasa nisingepuliza chochote. Masika imeshaanza, na kisiwa chetu cha Unguja kimekalia jiwe la matumbawe lenye matundu. Kinachomwagwa juu hushuka upesi kwenye maji tunayoyanywa. Ingoje mvua ikatike, baada ya harusi.

Wiki hizi 7 fanya hivi. Kata uwanja, si chini sana, ukoka ubaki na kivuli chake, ndago hazipendi kivuli. Siku ya 3 utaona ndago zimechomoza juu ya ukoka, zinakua kwa kasi kuliko wenzao. Hapo vaa glavu za mpira, chukua sponji iliyoloa glaifoseti kidogo, isidondoke maana ukoka nao huuua, upake zile ncha tu, moja moja, asubuhi isiyo na dalili ya mvua. Kipimo kifuate cha kwenye lebo, kile cha kupaka, si cha kupulizia. Kuku wafungiwe mpaka ikauke. Ikifika jani, inateremka mpaka kwenye kokwa. Zitakazobaki zimelala zitaota tena, nawe utarudia.

FundiWaFuoni

Kwani akifunika nailoni nyeusi haziozi?

MamaBustani

Nilijaribu. Ncha ya ndago ni sindano, ilitoboa nailoni ikatoka juu ikanitazama. Na ukoka ndio uliooza.

Maalim, jengine: siku ya harusi tandika majamvi. Hakuna mgeni atakayeinua jamvi kukagua ndago.

MaalimMstaafu, Bububu

Nimerudi, zimepita siku 12. Ahsante sana dada yangu.

Chupa nimeifungia stoo. Dukani nilidai dawa yenye lebo, muuzaji akanitazama kama namdai mahari. Nilikata Jumamosi, na Jumanne zilikuwa zimesimama kama ulivyosema, nikaona aibu jinsi zilivyo nyingi. Siku ya kwanza nilipaka robo ya uwanja tu, mgongo ukakataa. Leo zile za mwanzo zimegeuka manjano kuanzia ncha, na ukoka uliozizunguka ni mzima, isipokuwa duara moja la ukubwa wa sahani pale sponji iliponidondoka.

Mke wangu alinikuta nimechuchumaa na glavu na kijisponji, nashika jani moja moja. Akaniuliza, "Bibi harusi ni yupi, huyu wako au wangu? Maana naona hina wamtilia huyu."